Nasari ya miche njia ya Ahero, kwa wenye mashamba yanayosimama maji

Kama shamba lako liko juu Maseno au Kiboswa, ambako mvua ikinyesha maji hupita na kwenda zake, miche unaweza kununua popote. Haya ninawaandikia watu wa chini: Rabuor, Nyamware, Ahero, Awasi, hadi Nyakach ya chini, wenye udongo mweusi unaopasuka nyufa mwezi wa Januari na kuvua watu viatu mwezi wa Aprili. Ninafundisha kilimo katika shule ya kutwa upande huu, nina bustani yangu ya matunda, na chama cha mazingira cha wanafunzi wangu hupanda miti kila mwaka. Miche yetu sasa tunaichukua kwenye nasari moja iliyo kando ya barabara ya Kisumu kwenda Ahero, upande wa mashamba ya mpunga. Haina kibao. Utaijua kwa neti nyeusi ya kivuli na mapipa ya bluu yaliyopangwa mbele yake. Ninaipendekeza kwa moyo wote, pamoja na kasoro zake ambazo nitazitaja.

Mwenye nasari ni mama wa makamo aliyelima mpunga miaka mingi kabla ya kuingia kwenye miche. Hakutajii bei mpaka umjibu. "Kwako maji husimama siku ngapi, mwalimu? Husimama au hupita? Ni ya mto au ni ya ziwa?" Nilizoea nasari nyingine karibu na mjini ambako ukiuliza mche gani unafaa mahali penye maji unaambiwa mti ni mti, utakua tu. Huyu mama akikuuliza maswali hayo matatu, ameshagusa kila jambo linaloamua kama mche wako utaishi.

Tuanze na siku. Mizizi hupumua. Hutumia oksijeni iliyo katika vijitundu vya hewa vya udongo ili kuchoma sukari inayoshushwa na majani. Maji yakijaza vijitundu hivyo, oksijeni mpya haifiki kwa wakati, maana ndani ya maji husambaa polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani. Ile kidogo iliyobaki humalizwa na mizizi yenyewe pamoja na vijidudu vya udongo, mara nyingi katika siku moja au mbili. Huku kwetu, tambarare ya Kano, ni haraka zaidi, kwa sababu maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo, na joto hilo hilo hufanya mizizi na vijidudu vipumue kwa kasi. Udongo wetu nao ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kufunga nyufa zake zote, kwa hiyo hata maji ya juu yakikauka, chini bado hakuna hewa.

Hapo mzizi hubadili njia. Badala ya kupumua, huichachusha sukari, kama busaa inavyochacha mtungini. Molekuli moja ya glukosi ambayo kwa oksijeni ingetoa takriban ATP 30, yaani molekuli za kubebea nguvu ndani ya seli, sasa hutoa 2 tu. Mzizi unakula akiba kwa pupa na bado una njaa, huku alkoholi na asidi zikizidi ndani ya seli. Mche wa miezi sita hauna akiba kubwa ya wanga, na hii ndiyo sababu mwembe wa miaka ishirini pale kwa jirani husalimika katika mafuriko yale yale yanayomaliza safu nzima ya miche.

Swali la kusimama au kupita lina uzito wake. Maji yanayotiririka huchanganyika na hewa na kuleta oksijeni mpya. Dimbwi lililotulia na kupata jua huisha hewa na kuanza kunuka. Na la mto au ziwa ndilo lililonifanya nimheshimu huyu mama. Mto Nyando ukivunja kingo, maji hutujia na kuondoka baada ya siku au wiki. Ziwa likipanda, halina haraka ya kurudi. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, juu ya rekodi ya 1964, na mashamba ya ufukweni yalikaa chini ya maji miezi mingi. Hakuna mche wa matunda wa kuuziwa mtu wa mahali kama hapo, na mama husema hivyo waziwazi, akiwa anapoteza mauzo.

Nyuma ya nasari kuna kitu ambacho sijakiona kwingine. Ametenga miche ya aina moja sehemu tatu: mingine juu ya meza za mbao, mingine chini kwenye udongo, na mingine ndani ya kidimbwi kifupi alichochimba na kutandika karatasi ya nailoni, maji yakifika nusu ya mfuko wa mche, ule tunaouita karatasi. Mteja anaangalia kwa macho yake. Mara ya kwanza niliinama pale mpaka jua likanichoma shingo.

Miembe ya kidimbwini ilikuwa na vipele vyeupe, laini, vimevimba kwenye shina pale maji yanapoishia. Hivyo ndivyo lentiseli, matundu ya kupumulia ya ganda, yanavyofanya yakikosa hewa: hupanuka na kupasuka ili oksijeni iingie hapo na kushuka kwenye mizizi, na takataka za uchachushaji zitoke. Watafiti wa Florida waliwahi kupaka vaselini juu ya lentiseli za miembe iliyosimama majini, na miti hiyo ikafa haraka, wakati mingi ya ile iliyoachiwa vipele vyake iliendelea kuishi. Mama hajui habari za Florida, lakini alinishika mkono nilipotaka kukwangua vipele hivyo nikidhani ni ugonjwa. "Acha, hapo ndipo unapopumulia." Huuza miembe iliyoota vipele kwa watu wa chini na ile ya mezani kwa watu wa juu. Kwangu hilo peke yake latosha kunitoa nyumbani.

Sesbania, mti mdogo wa jamii ya kunde, za kidimbwini zilikuwa zimeenda mbali zaidi. Shina chini ya maji lilikuwa limenenepa na kuwa laini la sponji, na juu ya usawa wa maji mizizi mipya myeupe imechomoza ikielea. Ukikata mzizi mmoja kwa wembe unaona ndani yake mapengo wazi, njia za hewa zinazoundwa kwa kuachanisha seli au kuziua zile zilizo katikati. Etilini, gesi ambayo mmea hujitengenezea, ndiyo inayotoa amri hiyo: kwa kawaida huponyoka hewani, lakini maji yakiufunika mzizi hunaswa ndani na kuongezeka. Nimeleta wanafunzi wa kidato cha tatu waione, na wakaelewa kwa nusu saa kile nilichokuwa nikikichora ubaoni kwa wiki. Mama hakutoza kitu, na aliwaacha wakate mizizi mingi kuliko nilivyotaka.

Kwenye avokado alinikatalia. Nilikuwa na pesa mkononi za Hass, aina ya avokado, iliyopandikizwa, nikiitaka kwa kiunga changu cha chini, na akasema haniuzii. Akanionyesha ile aliyoitumbukiza majini: majani yananing'inia, ncha zimekauka kahawia, mizizi ikivuliwa ganda inabaki uzi mweusi. Ni mti dhaifu kabisa mbele ya maji. Hewa ikikosekana siku chache tu usanisinuru wake hushuka, na juu ya hapo kuna Phytophthora, kijidudu cha udongo ambacho mbegu zake zina mikia na huogelea kwenye maji kutafuta mizizi iliyochoka. Anauza avokado kwa watu wa Kajulu na Riat, kwenye miteremko. Mpapai naye anauzungumzia vivyo hivyo: ukisimama majini siku mbili tatu, usiulilie.

Anachouza kwa wingi kwa watu wetu ni mpera, mwembe wa vipele, sesbania, mgunga wa njano, na jamna. Jamna ndiyo zambarau, ile ambayo watoto huuza kwa vikombe Kisumu mjini midomo yao ikiwa imetia rangi. Huvumilia maji vizuri, matunda yake yana soko, na nashangaa jinsi watu wanavyoisahau wakikimbilia Hass. Nilichukua jamna kwa ajili ya mpaka wa shule, upande unaojaa kila Aprili, na imesimama. Kuhusu mgunga wa njano nina neno. Mama huusifu kwamba maji hauyaogopi, na kweli ni mti wa kando ya mito na maziwa. Lakini nendeni Nakuru muone: ziwa lilipopanda kuanzia miaka ya 2010, migunga mikubwa ilifia imesimama ndani ya maji, na vigogo vyake vyeupe bado vinaonekana. Mti huo hupenda maji chini ya miguu, na mafuriko ya muda huyaweza, ila ya kudumu huuua hata wenyewe. Napenda awe anawaambia wateja na upande huo.

Sasa kasoro. Udongo anaojaza kwenye karatasi ni mzito mno. Huchanganya udongo mweusi wa hapo hapo na samadi, mchanga kidogo, na ukimwagilia unashikamana. Ni jambo la kushangaza kwa mtu anayeelewa hewa ya mizizi kiasi hiki. Nimemwambia aongeze mchanga wa mto na maganda ya mpunga, ambayo yamejaa pale kwenye vinu vya Ahero, na akaniambia, "Nitaangalia, mwalimu." Bado anaangalia. Ukinunua, kagua tundu za chini za karatasi. Nimepata miche ambayo mzizi mkuu umejikunja chini, na mzizi uliojikunja huwa wa kwanza kuoza maji yakija.

La pili ni mikaratusi. Anayo, hasa ile aina iitwayo camaldulensis, inayostahimili maji kuliko jamaa zake, na huwauzia watu wa kando ya Nyando bila swali lolote. Hapa sikubaliani naye. Mkaratusi hunywa maji mengi, na tangu enzi za waziri John Michuki tumeambiwa tuing'oe kandokando ya vyanzo vya maji. Yule anayeniuliza maswali matatu kabla ya kuniuzia mpera angeweza kumuuliza mteja wa mkaratusi swali moja.

Mgrivilia pia: alimwambia mama mmoja mbele yangu kwamba utavumilia kama mwingine wowote. Si hivyo. Mgrivilia hutaka udongo unaopitisha maji, na huku chini hukaa vizuri kwenye matuta na vichuguu, sehemu nyingine hupukutika.

Lakini huduma yao baada ya mafuriko ndiyo iliyonifanya niandike. Mvua za 2024 zilipotushukia, maji yalikaa kwenye bustani yangu mpaka nyasi zikawa njano. Baada ya muda mfupi miembe midogo ilinyauka, majani yakilegea mchana na kuinuka kidogo usiku. Jirani yangu, mzee mwenye nia njema, alikuja na ndoo akisema, "Mwalimu, hii miti ina kiu." Na alikuwa sahihi, ilikuwa na kiu, huku imesimama ndani ya maji. Mzizi ukikosa hewa, asidi inayojikusanya ndani ya seli hufunga milango midogo ya kupitishia maji kwenye utando wake, na maji hayapandi. Majani nayo hufunga stomata, vitundu vyake vya kupitishia hewa, ili yasipoteze yaliyo nayo. Stomata zikifungwa, hewa ya kutengenezea chakula haiingii, na hata sukari iliyokwisha kutengenezwa haishuki, kwa sababu mzizi hauna nguvu ya kuipokea. Jani linajaa wanga na chini kuna njaa. Ndoo ile ingeongeza msiba.

Nilimpigia mama simu, na akamtuma kijana wake kwa boda boda siku hiyo hiyo. Kijana hakuja na dawa ya kuuza. Alikuja na jembe. Alichimba mtaro mwembamba kutoka safu ya miembe hadi kwenye mfereji, akafukua tope lililofunika shingo za miche ili lentiseli zipate hewa, kisha akang'oa mche mmoja uliokwisha kufa na kunionyesha mizizi: miwili mitatu bado myeupe juu, mingine meusi, harufu ya mayai yaliyooza. Udongo chini ulikuwa wa kijivu cha samawati. Hizo ni dalili kwamba vijidudu vya udongo, vikikosa oksijeni, vimeanza kupumua kwa vitu vingine: kwanza naitreti, ambayo hugeuka gesi na kupotea, halafu manganizi na chuma, mwisho salfa, na hapo ndipo ile harufu hutoka. Chuma kikiwa katika hali hiyo huyeyuka, na kikizidi ni sumu kwa mzizi. Mimea iliyozoea maji, kama mpunga na ile sesbania, huvujisha oksijeni kutoka kwenye mizizi yake na kukigandisha chuma hicho nje, ndiyo maana mizizi yake huwa na koti la rangi ya kutu. Mwembe hauna uwezo huo wa kutosha.

Aliniambia nisitie mbolea mpaka nione chipukizi jipya. Nakubaliana naye kabisa. Majani ya njano yalikuwa yanalilia naitrojeni, hilo ni kweli, lakini mzizi uliokufa nusu haunywi mbolea, chumvi yake inauunguza tu. Kuna na hatari nyingine ambayo watu hawaitarajii: siku maji yanapoondoka. Hewa ikirudi kwa ghafla kwenye seli zilizozoea kuishi bila hiyo, huzalisha aina za oksijeni zenye ukali unaoharibu utando na protini, na jua kali likiwaka siku hiyo, jani linadai maji kwa mizizi isiyoweza. Miche mingi tunayodhani imeuawa na mafuriko hufa wakati huo, baada ya mafuriko. Kijana alipunguza majani ya ncha, akasimika matawi ya mwarobaini kuwa kivuli upande wa magharibi, na akasema nisimwagilie mpaka udongo wa kina cha kidole uwe mkavu. Kazi hiyo yote niliitoa shilingi 300 na nauli ya boda boda. Zaidi ya nusu ya miembe iliyokuwa imenyauka ilichipua tena, na ile iliyokuwa na vipele ilikuwa ya kwanza.

Mwezi huo huo, Mei 10, 2024, taifa zima lilipewa siku ya kupanda miti kuwakumbuka waliokufa kwenye mafuriko. Watu walijaa pale nasari, na mama aliwauzia, kisha akawaomba wale wa chini wasiipande siku hiyo. Aliwaambia waiweke juu ya meza au mawe, wainyweshe kidogo kidogo, wasubiri ardhi ipumue. Wengine walikasirika, wakaipanda kwenye tope. Najua kampeni ya miti bilioni 15 ifikapo 2032 inataka hesabu ya miche iliyoingia ardhini. Mimi naomba watu wahesabu iliyobaki hai mwaka unaofuata, na kwa hesabu hiyo nasari hii inawashinda wengi.

Bei ziko juu kidogo ya za mjini. Mwembe uliopandikizwa niliununua shilingi 250, jamna 100, mpera 80, sesbania na mgunga 30. Mwembe wa kidimbwini unaongezwa 50 juu ya bei ya kawaida, na ninailipa bila kinyongo. Wanapokea M-Pesa. Ukichukua mingi watakuletea kwa tuktuk, ila siku wanayokutajia usiitegemee sana, na hakikisha wameipakia miche ikiwa imesimama wima, maana safari moja waliilaza na shingo za maungio zikaachana. Dai wakubadilishie; mama alinibadilishia yote bila maneno.

Nendeni Oktoba, mvua za vuli zikianza, mche upate miezi ya kushika ardhi kabla ya Aprili. Inueni tuta la kufika magoti, mpande juu yake, na shingo ya mche ibaki wazi. Jumapili hawafungui. Asubuhi ndiyo nzuri, kwa sababu alasiri mama huwa shambani kwa mpunga wake na anayebaki ni mtoto wa shule ambaye atakuuzia chochote unachokinyooshea kidole, hata avokado.